Kadi ikipotea njiani, jina linabaki wapi?

Jamaa zinazokimbia vita katika wilaya ya Shabunda zinaondoka na vitu vichache: sufuria, matela, nguo za watoto, na sashe moja yenye karatasi. Ndani ya sashe ile kuna kadi ya mchaguzi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, karatasi ya chanjo, na kama nyumbani kuna aliyesoma, diplome yake. Sashe ikianguka wakati wa kuvuka mto, jamaa inafika mahali pa kukimbilia bila kitu cha kuonyesha wao ni nani. Hapo linabaki swali moja: je, kuna mahali pengine ambapo majina yao yameandikwa?

Swali hilo lilikuwepo hata kabla ya kompyuta. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilipanga kwamba mtoto akiandikishwa, maandishi yasibaki katika karatasi moja tu. Mzazi anapewa yake, ofisi ya eta sivili inabaki na yake, na nyingine inapelekwa tribinali. Waliotunga sheria walijua kwamba nyumba inaweza kuungua. Lakini mpango huo unategemea njia, na Shabunda, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kusini, njia ndiyo inayokosekana. Barabara ya kutoka Bukavu kupitia Burhale na Kigulube mara nyingi haipitiki, na bidhaa nyingi zinafika kwa ndege. Rejista isiyosafiri inabaki moja, na ikiungua imekwisha.

Inchi yenyewe ilikaa muda mrefu bila hesabu ya watu wake. Hesabu ya mwisho ya raia wote ilifanyika mwaka 1984, wakati wa Zaire. Mwaka 2005, tume ya uchaguzi iliyoongozwa na abbé Apollinaire Malumalu iliandikisha wachaguzi zaidi ya milioni 25, ikachukua picha zao na alama za vidole kwa kompyuta. Kwa kuwa raia hawakuwa na kitambulisho kingine cha taifa, kadi ya mchaguzi ikawa ndiyo kitambulisho chenyewe: cha kupita kwenye barriere, cha kuchukua pesa, cha kuandikwa kwenye orodha ya msaada.

Tangu siku hiyo jina la raia lina makao mawili. Moja ni kadi aliyo nayo mfukoni. La pili ni seva, yaani kompyuta kubwa inayolinda data za watu wote. Faida yake ilionekana mwaka 2023, kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba, pale kadi za watu wengi zilipofutika wino na watu wakapanga mistari kuomba duplikata. Kadi iliweza kutolewa upya kwa sababu jina lilikuwa bado kwenye data za CENI. Basi kama kadi inalindwa na seva, seva yenyewe inalindwa na nini?

Historia ya jibu inaanza Marekani, katika maabara ya Bell. Mwaka 1979 mfumo wa kompyuta uitwao Unix ulitoka na amri ndogo inayoitwa tar. Kazi yake ni kukusanya faili nyingi katika furushi moja na kulipeleka kwenye utepe wa sumaku, unaofanana na ule wa kaseti za redio. Ilikuwa inaandikwa kwa herufi tu, bila picha wala vitufe, na mpaka leo inaandikwa hivyo. Mwaka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia walitoa amri nyingine, rsync. Hii inalinganisha nakala ya zamani na data mpya, kisha inatuma sehemu zilizobadilika tu. Mahali ambapo intaneti ni ya satelaiti na ni dhaifu, tofauti ni kubwa: badala ya kutuma rejista nzima kila siku, yanatumwa majina ya leo peke yake.

Kisha ikaja picha ya hifadhi. Mfumo wa ZFS, uliotolewa na kampuni ya Sun mwaka 2005, ni kati ya iliyoieneza. Mwenye duka anaweza kuelewa picha hiyo kwa kaye yake ya madeni. Jioni anapiga mstari, na kuanzia hapo hafuti kitu chochote kilicho juu ya mstari. Mabadiliko yote anayaandika chini. Akikosea kesho, anarudi kwenye mstari na kuona hesabu ilivyokuwa. Seva inafanya hivyo kwa sekunde chache, kwa amri fupi kama zfs snapshot. Amri ya zfs rollback inairudisha nyuma, na kila kilichoandikwa baada ya mstari kinafutika.

Lakini mwizi akiiba kaye, anaondoka na mistari yote. Picha inayokaa kwenye diski ileile inasaidia mtu aliyekosea, haisaidii mtu aliyeporwa. Ndiyo maana kuna amri mbili nyingine, zfs send na zfs receive: ya kwanza inatoa picha kwenye seva ya hapa, ya pili inaipokea kwenye seva ya mji mwingine.

Hata hiyo haitoshi. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi mmoja wa GitLab, kampuni inayolinda kazi za waandishi wa programu dunia nzima, aliandika amri ya kufuta akidhani yuko kwenye seva ya pili. Kumbe alikuwa kwenye seva kuu. Alipoisimamisha, gigabaiti karibu 300 zilikuwa zimeenda, zikabaki 4.5 tu. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za nakala. Walipofungua ile ya kila siku, hawakukuta kitu: programu ya kunakili haikulingana na toleo la seva, na barua za kuonya hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni picha moja ambayo mfanyakazi aliichukua kwa mkono masaa kama sita kabla ya ajali. Yaliyoandikwa ndani ya masaa hayo yalipotea kabisa.

Goma ilichukuliwa na M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Ofisi iliyokuwa na nakala yake Bukavu peke yake ilijifunza siku hiyo kwamba mji mkubwa nao si mahali salama daima. Na kwa Shabunda, hatari si kupoteza tu. Mwezi wa Novemba 2019, mahakama ya kijeshi mjini Bukavu ilimhukumu Masudi Alimasi Kokodikoko kifungo cha maisha kwa uhalifu uliotendewa wanavijiji wa Shabunda. Kesi kama hiyo inategemea faili za waliotibiwa na waliotoa ushuhuda. Orodha ya majina hayo ikiangukia mikononi mwa wenye silaha, inaweza kuua. Kwa hiyo nakala inayosafiri inafungwa kwanza kwa neno la siri, na neno hilo halisafiri pamoja nayo.

Kituo cha afya au shule yenye kompyuta moja na paneli ya jua haihitaji seva ya Kinshasa. Inahitaji diski mbili: moja inabaki, ya pili inaondoka na ndege au na pikipiki kwenda kwa mtu wa kuaminika katika mji mwingine, kisha zinabadilishana. Na mara moja kwa mwezi, mtu aifungue ile ya mbali kwenye kompyuta nyingine, atafute jina la mtoto mmoja aliyezaliwa mwezi uliopita. Jina likionekana, nakala ipo. Lisipoonekana, afadhali kujua leo, wakati mama wa mtoto bado yuko kijijini na anaweza kuulizwa tena.