Kihatarishi: Istilahi ya Maradhi ya Moyo Miongoni mwa Wafugaji

Kihatarishi ni hali, tabia au sifa ya mwili ambayo humwongezea mtu uwezekano wa kupatwa na maradhi fulani kuliko mwenzake asiyekuwa nayo. Istilahi hii imezoeleka zaidi katika maandishi ya afya ya Tanzania, na kimaumbo imetokana na kitenzi hatarisha, kama kisababishi kilivyotokana na sababisha. Pengine ni mfanano huo unaofanya maneno haya mawili yachanganywe. Kisababishi huleta ugonjwa, kama bakteria wa kifua kikuu, ilhali kihatarishi huongeza uwezekano tu, kiasi kwamba mwenye shinikizo la juu la damu anaweza kuzeeka bila kupata mshtuko wa moyo, yaani kuzibwa kwa mshipa unaolisha misuli ya moyo hadi sehemu ya misuli hiyo ikafa. Neno hatari lenyewe, lililoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye transfoma za umeme, humtajia msomaji janga lililopo mbele yake. Katika takwimu hutaja uwezekano unaopimika, na mara nyingi unaopunguzika.

Dhana hii ilipata umbo lake Framingham, Marekani, ambako wakazi 5,209 walianza kufuatiliwa mwaka 1948, na ripoti ya mwaka 1961 ya William Kannel na wenzake ndiyo iliyoieneza. Hata hivyo, kwa wafugaji kama wakazi wa Korbesa, katika eneo la Merti kaunti ya Isiolo, kazi yenye uzito zaidi ni ya Gerald Shaper, daktari wa Makerere, ambaye mwaka 1962 alichapisha utafiti wake kuhusu Wasamburu, majirani wa Isiolo, na kuonyesha kwamba kolesteroli yao ilikuwa chini ingawa waliishi kwa maziwa. Mwaka 1969 yeye na wenzake walieleza habari za vijana wa jamii za wafugaji walioingia jeshini nchini Kenya: chakula kilibadilika, chumvi ikaongezeka, na shinikizo lao la damu likapanda. Damu na ukoo havikubadilika. Maisha ndiyo yaliyobadilika, na hapo ndipo maana ya kihatarishi inapoonekana waziwazi kuliko katika fasili yoyote.

Wakazi wa Korbesa wengi wao ni Waborana, hivyo si haki kuwabebesha matokeo ya Wasamburu, lakini swali linalotokana na kazi ya Shaper, la nini hutokea maisha ya mfugaji yanapobadilika, linawahusu kila ukame unapomaliza mifugo na familia ikahamia karibu na maduka, ambako chai ya sukari nyingi, unga na mafuta ya kupikia huchukua nafasi ya maziwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa kwenye matibabu. Miraa nayo, inayolimwa katika kaunti jirani ya Meru, ilihusishwa na mshtuko wa moyo katika utafiti uliofanywa Yemen na kuchapishwa mwaka 2005.

Mshtuko ukishatokea, kinachoulizwa ni vitabiri, yaani mambo yanayoonyesha nani ataelekea kupona, na kimojawapo ni muda, jambo zito mahali ambapo hospitali ya rufaa iko Isiolo mjini, safari ya saa kadhaa. Jaribio la kimataifa la mwaka 1988 lililohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000 lilithibitisha kwamba aspirini peke yake hupunguza vifo vya wiki tano za mwanzo kwa karibu robo, lakini watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, walikuta wagonjwa wengi hawatambuliwi na wachache tu hupewa dawa hiyo. Mhudumu wa zahanati anayeelewa kwamba kifua kinachobana na jasho jembamba huenda si vidonda vya tumbo anaweza kumtafunisha mgonjwa kidonge hicho, akishahakikisha hana mzio nacho wala hatoki damu, kabla gari halijapatikana.