Virusi Vichache, Mafuta Mengi: Ini Linaloandamwa na Maradhi Mawili

Mgonjwa wa homa ya ini B sugu akiambiwa kwamba virusi vyake ni vichache, hushusha pumzi. Pumzi hiyo huenda ikawa imeshushwa mapema. Tafiti nyingi, hasa za Asia ya Mashariki, zimeonyesha kuwa wagonjwa wenye mafuta kwenye ini huwa na virusi vichache damuni kuliko wenzao wasio nayo, na antijeni ya HBsAg, alama ya maambukizi damuni, hutoweka kwao kwa urahisi zaidi. Ni rahisi kuhitimisha kwamba mafuta yanamlinda mgonjwa. Hitimisho hilo ni la haraka mno.

Uchache wa virusi si uzima wa ini. Ini huharibiwa pia na uvimbe wa muda mrefu, makovu na kisukari, na mafuta ni nadra kuja peke yake: huandamana na kitambi, sukari na shinikizo la damu. Kuhusu mafuta yenyewe na saratani, matokeo ya tafiti yanagongana. Kuhusu kisukari, ushahidi wa madhara ni mzito zaidi.

Utata huanzia kwenye vipimo. ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa damuni, hupanda kwa sababu ya virusi, na hupanda kwa sababu ya mafuta. Dawa ya tenofoviri huzuia virusi kuzaliana lakini haiyeyushi mafuta. Basi mgonjwa anayemeza vidonge vyake kila siku anaweza kubaki na ALT ya juu, na pengine akashukiwa bure kwamba anaruka dozi. Altrasaundi nayo mara nyingi haiyaoni mafuta yakiwa bado kidogo.

Lawama nyingine ni ya wataalamu wenyewe. Kwa miaka mingi, ini lenye mafuta lilitambuliwa kwa kuondoa kwanza magonjwa mengine ya ini, kwa hiyo mwenye homa ya ini B aliwekwa nje ya hesabu hata kama mafuta yalikuwa yamejaa. Ufafanuzi mpya wa mwaka 2023 unakubali kwamba maradhi hayo mawili hukaa pamoja. Mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) likaenda mbali zaidi katika mwongozo wake: kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B sugu, kisukari au ini lenye mafuta ni sababu ya kuanza dawa bila kujali wingi wa virusi.

Mwongozo huo unaigusa Tanzania moja kwa moja. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, hivyo mzigo mkubwa wa maambukizi sugu umebaki kwa watu wazima waliozaliwa kabla, ambao sasa wamefikia umri wa kuongezeka kiuno na sukari. Tenofoviri imezoeleka katika kliniki za VVU. Kipimo cha wingi wa virusi vya homa ya ini ndicho kigumu kupatikana. Lakini mizani, futi ya kupimia kiuno na kipimo cha sukari ni vya bei nafuu. Kliniki ya ini isiyovitumia inamwangalia mgonjwa nusu, kwani kupunguza asilimia 5 tu ya uzito hushusha mafuta, na asilimia 10 huweza kupunguza hata makovu.