Chumba Kilicho Sawa Pande Tatu

Apitaye Chumbageni, Tanga, mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Antoni, aona jengo. Mkristo aingiaye humo ataka kuona zaidi, na haja yake hiyo ni ya kale sana. Katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 6, twasoma ya kuwa Patakatifu pa Patakatifu pa hekalu la Sulemani palikuwa dhiraa 20 kwa urefu, 20 kwa upana, 20 kwa kwenda juu. Katika Ufunuo, mlango wa 21, mji wa Yerusalemu mpya washuka toka mbinguni, nao vilevile ni sawa pande tatu. Wala hauna hekalu. Chumba alichoingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, kimekuwa mji mzima.

Na tulipime kanisa la Mkunazini, Unguja, kwa kipimo hicho. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873; siku ya Noeli, mwaka uo huo, likawekwa jiwe la msingi. Yasemwa madhabahu yasimama pale watumwa walipofungwa mtini wakapigwa mijeledi. Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, alizikwa nyuma yake mwaka 1882. (Nguzo kadhaa, yasemwa tena, mafundi walizisimamisha kichwa chini alipokuwa safarini.)

Wako wasemao ya kuwa mahali pa dhuluma hapawi mfano wa mbingu. Mimi sikubali. Hekalu lenyewe lilijengwa kwa shokoa ya watu 30,000, naye Sulemani alipoliweka wakfu alikiri ya kuwa mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba. Wajenzi wa Mkunazini angalau hawakuificha dhuluma. Waliweka madhabahu juu yake.