Nyumba zilizohamwa Homa Bay na Migori: Kuta ni rahisi, umiliki ndio kazi

NYUMBA zilizohamwa hazikosekani katika kaunti za Homa Bay na Migori. Katika Mji wa Kale wa Kendu Bay yangalipo majengo ya kibiashara yenye baraza mbele na ua nyuma, yaliyojengwa na Waasia waliofuata biashara ya ziwani. Katika vituo vidogo vya biashara yapo maduka ambayo milango yake haijafunguliwa kwa miaka mingi. Mashambani nako, boma zima huweza kubaki na makaburi, ua wa mimea uliogeuka msitu na nyumba ya mabati isiyo na madirisha.

Kwa mwenye akiba kidogo, hasa aliyeishi Nairobi au ughaibuni, mahame kama hayo huonekana kuwa fursa. Ukuta upo, barabara imefika, nguzo ya umeme iko karibu. Lililobaki ni paa na rangi. Hesabu hiyo si mbaya kwa upande wa ujenzi. Huharibika inapofikia swali ambalo wanunuzi wengi huliuliza mwisho ilhali lilipasa kutangulia: ni nani hasa mwenye haki ya kuuza?

Wazo la kununua nyumba tupu na kuikarabati limepata umaarufu mkubwa kutokana na habari za Japani, ambako nyumba za aina hiyo huitwa akiya. Idadi ya watu nchini humo inapungua, vijana wamehamia mijini na wazee wanafariki. Hesabu ya serikali ya 2023 ilipata nyumba tupu zipatazo milioni 9, karibu asilimia 14 ya nyumba zote nchini. Halmashauri za miji midogo huweka orodha za nyumba hizo, na sheria ya Japani humruhusu hata mgeni kumiliki ardhi pamoja na nyumba.

Jambo lisilotangazwa sana ni kwamba hata Japani tatizo sugu halikuwa kuta. Warithi wengi hawakubadilisha jina katika sajili ya ardhi, kizazi baada ya kizazi, hadi ikawa vigumu kumjua mwenye mali. Ndiyo maana tangu Aprili 1, 2024 sheria inamlazimu mrithi kusajili ardhi katika muda wa miaka mitatu baada ya kujua kwamba ameirithi, la sivyo atozwe faini isiyozidi yeni 100,000. Msomaji wa Oyugis au Rongo hahitaji kuelezwa zaidi, kwani kwake mashamba yaliyosajiliwa kwa jina la babu aliyekufa zamani si habari.

Nchini Kenya mgeni hana nafasi kama ile ya Japani. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Raia ana uhuru zaidi, lakini njia yake hutegemea aina ya hame analolitaka. Duka la zamani mjini ni jambo moja na boma la mashambani ni jingine kabisa.

Maduka yana historia yake. Reli ilipofika Kisumu mnamo 1901, wafanyabiashara wa asili ya Kihindi walisambaa kandokando ya ziwa kwa mashua na meli. Walinunua ngozi, samli, pamba na nafaka, wakauza nguo, chumvi, sukari na mafuta ya taa. Majengo yao yalifuata utaratibu uliozoeleka: duka mbele, makao nyuma, ghala pembeni na ua katikati.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mnamo 1967 Kenya ilipitisha sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara, na wasio raia wakazuiwa kuendesha biashara katika maeneo mengi nje ya miji mikubwa. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, nayo Uingereza ikaharakisha sheria ya kuwazuia wasiingie huko mwanzoni mwa 1968. Katika msukosuko huo wako waliouza maduka kwa Waafrika kwa utaratibu kamili. Wako pia walioacha ufunguo kwa mpangaji au mtumishi, na makubaliano yakabaki ya mdomo. Fundo linalowasumbua wanunuzi wa leo mara nyingi lilifungwa hapo.

Ploti nyingi za vituo vya biashara hazikutolewa kwa milki ya daima bali kwa mkataba wa kukodi wa muda maalumu. Mkataba wa miaka 50 ulioanza 1955 ulikwisha 2005, hata kama jengo limesimama imara. Sheria ya Ardhi ya 2012 humpa raia aliyekuwa na mkataba huo nafasi ya kwanza ya kuupata tena, mradi serikali haihitaji ardhi hiyo kwa manufaa ya umma. Nafasi hiyo ni ya mwenye mkataba au wanaosimama mahali pake kisheria, wala haimhusu mtu aliyeshika funguo tu. Anayenunua kutoka kwa mshika funguo hununua matofali yaliyo juu ya ardhi ya mwingine.

Je, mtu aliyeishi humo miaka mingi hana haki yoyote? Anaweza kuwa nayo. Chini ya sheria ya ukomo wa madai, anayekalia ardhi ya mtu binafsi waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa kwa miaka 12, anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Lakini aliyeingia kwa ruhusa, awe mpangaji au mlinzi, hawezi kutumia njia hiyo maadamu ruhusa hiyo ingali inadumu. Ardhi ya umma nayo haichukuliwi hivyo. Hatari kwa mnunuzi ni kwamba haki ya mkaaji wa aina hii yaweza kumbana hata kama haikuandikwa popote katika sajili. Hivyo basi, mama anayeuza omena katika baraza la duka "tupu" anastahili kuulizwa kwa upole ameanza kukaa hapo lini, na kwa idhini ya nani.

Boma la mashambani lina ugumu wa namna nyingine. Katika desturi za Waluo, ambao ni wengi katika kaunti hizi mbili, nyumba (ot) na boma (dala) si kitu kimoja. Tofauti hiyo ilisikika nchi nzima mnamo 1987 katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, pale ilipodaiwa kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba Nairobi lakini boma lake likawa kwao. Mwana akikomaa hutoka kwa baba yake akaanzisha boma lake mwenyewe. Kwa hiyo boma la wazee kubaki tupu baada ya vifo vyao si lazima liwe limetelekezwa. Mara nyingi limefikia tu mwisho uliotarajiwa.

Boma lililohamwa huitwa gunda, na gunda ni ushahidi. Wazee huonyesha gunda la babu ili kuthibitisha kwamba ukoo fulani ndio uliokalia ardhi hiyo. Zaidi ya hayo, wengi husita kuishi katika nyumba iliyojengwa na marehemu wakihofia chira, yaani madhara yanayoaminika kumpata anayevunja mwiko. Mnunuzi aliyesoma anaweza kulicheka jambo hili. Majirani zake hawatacheka, na hao ndio watakaoitwa mahakamani kutoa ushahidi siku mzozo utakapozuka.

Si kwamba kuingia katika makao ya waliohama ni jambo geni hapa. Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori na inakadiriwa kujengwa katika karne ya 16. UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia mnamo 2018. Jamii mbalimbali ziliishi humo kwa kupokezana, na waliofika baadaye walizirekebisha kuta walizozikuta.

Siku hizi anayepokezana na marehemu hupitia mahakamani. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 iko wazi: mali isiyohamishika ya marehemu haiwezi kuuzwa kabla ya mahakama kutoa hati ya usimamizi wa mirathi na kisha kuithibitisha, na kwa kawaida uthibitisho huombwa baada ya miezi sita. Anayeshughulika na mali hiyo bila idhini anatenda kosa linaloweza kumletea faini, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ndugu mmoja anayeuza boma la baba "kwa niaba ya wenzake" bila hati hiyo hana anachokiuza. Anayeumia si mnunuzi peke yake. Mara nyingi mauzo ya aina hii humtupa nje mjane, au binti aliyeolewa ambaye hakuna aliyemwarifu, ilhali sheria humhesabu binti kuwa mtoto wa marehemu sawa na kaka zake.

Mwenye boma akiwa hai, mwenzi wake naye ahusishwe. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili. Penye wake zaidi ya mmoja, ni busara kupata ridhaa ya kila mmoja wao kwa maandishi.

Shamba la kilimo lazima lipitie Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi liwasilishwe katika muda wa miezi sita tangu mkataba ulipofanywa. Bila idhini hiyo, kwa mujibu wa sheria ya 1967, mkataba ni batili, na kwa kawaida anachoweza kudai mnunuzi ni kurudishiwa fedha zake. Bodi nyingi hutaka kumwona mwenzi pamoja na watoto watu wazima wa muuzaji, na anayekwepa kikao hicho anajinyima kinga ya bure. Ploti za miji na za vituo vya biashara vilivyotangazwa zamani hazihesabiwi kuwa ardhi ya kilimo, kwa hiyo hazipiti hapo.

Hatimiliki nayo haitoshi kutazamwa kwa macho. Uchunguzi rasmi katika sajili ya ardhi uonyeshe jina la mmiliki, madeni na vizuizi. Mnunuzi makini huomba pia historia nzima ya ploti tangu ilipotolewa mara ya kwanza. Katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa Aprili 2023, Mahakama ya Juu Zaidi ilishikilia kwamba hati haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha utaratibu tangu mwanzo, hata kama yeye alinunua kwa nia njema. Kisha auliziwe naibu wa chifu, majirani na wazee wa ukoo. Hayo hayagharimu kitu kulinganisha na kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yenye vituo Migori na Homa Bay.

Makaburi yatajwe ndani ya mkataba: familia itaruhusiwa kuyazuru au la, na nani atayatunza. Kuyahamisha si kazi ya vibarua na majembe, kwani kufukua maiti kunahitaji kibali cha mamlaka au amri ya mahakama. Aidha, malimbikizo ya kodi ya ploti katika kaunti yalipwe na muuzaji kabla ya uhamisho. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani mjini, na asilimia 2 mashambani.

Yote hayo yakishakamilika ndipo aitwe fundi, na cha kwanza kukitazama ni ardhi iliyo chini ya nyumba. Sehemu kubwa ya nyanda za ziwani ina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, nao hupasua kuta. Ufa haumaanishi kwamba nyumba imekufa. Hupakwa kipande chembamba cha plasta juu ya ufa, huandikwa tarehe, kisha husubiriwa hadi mvua zipite. Plasta ikikatika, ukuta ungali unatembea na msingi unahitaji kushughulikiwa. Ikibaki nzima, yatosha kuziba.

Makosa makubwa hufanywa kwa saruji. Kuta za zamani zilizounganishwa kwa chokaa au udongo hupitisha unyevu. Zikifunikwa kwa plasta nzito ya saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta huoza taratibu chini ya rangi nzuri. Chokaa hukawia kukauka na mafundi wengi wa leo hawaipendi, lakini ndiyo inayoafikiana na kuta hizo.

Mbao za paa zigongwe moja moja, kwani mchwa hula ndani na kuacha ganda. Kinyesi cha popo darini kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kilowanishwe kwanza, na mfagiaji afunike pua na mdomo. Paa la asbesto lisivunjwe kwa nyundo. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu, na kuliondoa ni kazi ya mkandarasi aliyeidhinishwa na NEMA. Waya za umeme za zamani zing'olewe zote. Ukarabati unaogeuza umbo au matumizi ya jengo unahitaji kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019, na jengo lililotangazwa kuwa turathi haliguswi bila Makavazi ya Kitaifa kuhusishwa.

Nyumba za ufukweni, kuanzia Kendu Bay hadi Mbita na Muhuru Bay, zina swali moja la ziada. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kimo kilichovunja rekodi ya 1964, na maji yakaingia katika nyumba nyingi za pwani yake. Baadhi ya wenyewe hawakurudi. Alama ya maji hubaki ukutani hata baada ya kupakwa rangi, hasa nyuma ya milango na ndani ya kabati. Nyumba yenye alama hiyo haifai kununuliwa kwa bei yoyote.