Kitako cha ganda la risasi husema mengi

Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, masika yalipokatika, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliondoka Kahe kuelekea kusini. Safu moja ilifuata reli ya Tanga–Moshi, nyingine Mto Pangani, na kikosi cha King's African Rifles kikapenya pengo la Ngulu, kusini ya Upare wa Kaskazini, ili kiungane na wale wa relini upande wa Same. Wajerumani walirudi nyuma huku wakiing'oa reli. Mapigano makali yakaja kutokea Mikocheni, Mei 30.

Wengi waliobeba bunduki katika njia hizo hawakuacha hata jina. Walichoacha ni maganda ya risasi, nayo husomeka kwenye kitako.

Ganda nene lenye urefu wa milimita 60, lenye ukingo uliotokeza nje ya kitako, ni la Mauser ya mwaka 1871. Risasi yake ni ya milimita 11, ikisukumwa na baruti nyeusi. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na bunduki hiyo kuukuu, na kila walipofyatua, wingu la moshi lilimwonyesha adui walipojificha. Fikiria kijana aliyeamriwa kupigana hivyo mbele ya bunduki za rashasha.

Ganda la Mauser ya mwaka 1898 lina urefu wa milimita 57. Kitako chake hakitokezi. Kimezungushiwa mfereji tu. Juu yake hupigwa alama ya kiwanda, mwezi na mwaka, na mara nyingi S67: hiyo 67 ni asilimia ya shaba nyekundu iliyomo. Shehena kubwa ya risasi za aina hii ililetwa na meli Rubens, iliyoshambuliwa na Waingereza katika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915. Maji ya bahari yaliziingia. Zilipoopolewa, zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, kisha zikafungwa upya. Kazi hiyo ya mikono ilisaidia kurefusha vita.

Ganda la Waingereza, .303, lina ukingo kama lile la kwanza, ila ni jembamba na linanywea kuelekea shingoni. Tafuta alama ya mshale na namba ya Kirumi, VI au VII. Herufi KF ni za kiwanda cha Kirkee, karibu na Pune, India.

Hata hivyo, alama humtaja aliyelitengeneza ganda, si aliyelifyatua. Novemba 1914, baada ya kushinda Tanga, Wajerumani waliteka mamia ya bunduki za Waingereza na zaidi ya risasi nusu milioni, wakazitumia. Ndiyo maana mahali lilipolala ganda pana uzito kuliko ganda lenyewe: maganda ya .303 yaliyolala pamoja na ya milimita 11 huenda yalifyatuliwa na kundi moja. Ganda likishaingia kwenye gunia la mnunuzi wa vyuma chakavu, ushahidi huo umekwisha, na mimi naliona hilo ni hasara kwa Upare wote.

Ikiwa kichwa cha risasi bado kimo, usiiguse wala usiigonge. Weka alama mahali hapo, kisha toa taarifa polisi, kwani kumiliki risasi bila kibali ni kosa chini ya sheria ya Tanzania ya silaha na risasi ya mwaka 2015.