Mgandamizo: Neno Moja la Gereji, Vipimo Viwili

Fundi wa Nairobi au Dar es Salaam akikuambia kompresheni imekwisha, anakueleza ugonjwa wa injini. Kijana mwenye gari la zamani akisema anataka kuongeza kompresheni, anazungumzia jambo jingine kabisa: nguvu zaidi barabarani. Neno ni lile lile, na mkanganyiko huo unaweza kumgharimu mtu injini nzima.

Vitabu vya sayansi vya Kiswahili hutumia mgandamizo, kutokana na kitenzi gandamiza. Naliona neno zuri. Shindilia lingekaribia, lakini hilo hutupeleka kwenye kujaza, kama pamba ndani ya gunia. Ndani ya silinda hakuna kinachoongezwa wakati huo: valvu zimefungwa, pistoni inapanda, na mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa hadi unapata joto.

Faida kubwa ya mgandamizo ni kwamba unaturuhusu kutenganisha vitu ambavyo kompresheni inavichanganya.

Cha kwanza ni uwiano wa mgandamizo. Chukua injini ya Toyota 1NZ-FE, inayoendesha IST na Probox nyingi za cc 1500. Kila silinda ina ujazo wa sentimita za ujazo 374. Pistoni ikiwa chini kabisa, nafasi iliyo juu yake ni kama 413. Ikifika juu hubaki 39.4 tu. Gawanya, utapata 10.5 kwa 1. Hilo ni umbo la injini, limeamuliwa kiwandani. Masizi yakijaa juu ya pistoni huupandisha uwiano kidogo, lakini ringi zikilika haushuki.

Cha pili ni shinikizo la mgandamizo, yaani kile ambacho geji inasoma. Hili ndilo hushuka ringi zikichoka, valvu zikiungua au gasketi ya silinda hedi ikipasuka. Hushuka hata kwa sababu ya mahali: hewa ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi, kwa hiyo injini ile ile nzima inayopimwa Mombasa itasoma pungufu kwa karibu moja ya tano ikipandishwa Nairobi. Uwiano wake haujaguswa.

Kipimo chenyewe si cha gharama kubwa. Injini ipashwe joto, plagi zote zing'olewe, umeme wa koili na nozeli ukatwe, kisha pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini huku stata ikizungusha injini mara kadhaa. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi 150 na 200 katika maeneo ya pwani. Mimi hujali zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10 au 15, pana jambo. Mwagia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Shinikizo likipanda, shaka ni ringi. Lisipopanda, tazama valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Sasa turudi kwa yule kijana. Akichonga silinda hedi, anapandisha uwiano. Akifunga turbo, anaingiza hewa nyingi zaidi katika uwiano ule ule. Njia zote mbili hupandisha shinikizo na joto, na petroli ikishindwa kuvumilia, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia: injini inagonga, na pistoni huweza kutoboka. Ndiyo maana Subaru ilipounda injini ya turbo EJ205, iliyomo katika Forester nyingi, iliteremsha uwiano hadi 8.0 kwa 1. Kufunga turbo kwenye injini ya 10.5 iliyokwishachoka, bila kubadilisha pistoni wala kurekebisha petroli na taimingi, ni kuiua.

Kwa hiyo kabla ya kununua gari lililotumika, na kabla ya kulipia kifaa chochote cha kuliongezea nguvu, mwombe fundi akuandikie kwenye karatasi shinikizo la kila silinda. Akikujibu tu kwamba kompresheni ni nzuri, mwombe tena hizo namba.