Vifaa vya gari la Japani hupotea wapi, na nani hulipa?

Anayeagiza gari kutoka Japani huliona mara ya kwanza katika picha. Huliona mara ya pili wiki kadhaa baadaye, likiwa limeegeshwa katika bandari kavu jijini Dar es Salaam au Mombasa, vumbi limelifunika na betri imekwisha nguvu. Kati ya siku hizo mbili gari limepita katika mikono mingi asiyoijua, na kila mkono ulikuwa na ufunguo.

Hapo ndipo huanza malalamiko ambayo wakazi wa miji ya Afrika Mashariki wameyazoea. Redio haipo. Tairi la akiba, jeki na spana ya magurudumu havionekani. Kioo cha pembeni kimeng'olewa, swichi za madirisha zimechomolewa, au mlango una bonde ambalo halikuwamo katika picha. Mnunuzi humlaumu wakala wake, wakala huilaumu bandari, bandari huilaumu meli, na meli hudai kwamba gari lilipakiwa likiwa hivyo hivyo.

Swali la nani alipe huamuliwa na mambo mawili: gari lilikuwa mikononi mwa nani kifaa kilipopotea, na kama ipo karatasi inayothibitisha hivyo. Mnunuzi asiye na karatasi hiyo hubaki na hasara yake.

Kwa nini ufunguo huachwa garini

Magari mengi yaliyotumika husafirishwa kwa meli za Ro-Ro, yaani zile ambazo gari huingia na kutoka kwa kuendeshwa. Usafiri huu ni wa gharama nafuu kuliko kontena na ndio uliozoeleka kutoka bandari kama Yokohama, Nagoya na Kobe. Meli moja huweza kubeba maelfu ya magari. Aprili 2021, kwa mfano, meli ya Frontier Ace ilitia nanga Dar es Salaam ikiwa na magari zaidi ya 3,700.

Kazi ya kuyashusha magari mengi kiasi hicho hufanywa kwa haraka na madereva wanaopokezana. Ndani ya meli magari hupangwa kwa kubanana, yakiwa yameachiana sentimeta chache tu ubavuni, kisha hufungwa sakafuni kwa mikanda. Mlango ukifunguliwa kwa pupa hugonga gari la jirani, na mkanda ukilegea baharini gari husogea na kukwaruzwa.

Ufunguo lazima ubaki ndani ya gari kwa sababu litaendeshwa mara kadhaa: kutoka uwanjani Japani hadi melini, kutoka melini hadi uwanja wa bandari, na mara nyingi kutoka hapo hadi bandari kavu. Kwa sababu hiyo hiyo kampuni za meli hukataza kuweka mizigo binafsi ndani ya gari, na huwa hazikubali kuwajibika kwa mizigo hiyo inapopotea. Televisheni au boksi la nguo lililofichwa kwenye buti ni zawadi kwa mwizi.

Kontena hupunguza hatari hiyo, kwani gari hufungiwa chini ya lakiri yenye namba. Lakiri ikifika nzima na namba yake ikilingana na iliyo kwenye nyaraka, wizi wa njiani hauna nafasi kubwa. Hata hivyo, gari lililofungwa vibaya ndani ya kontena huweza kuumia zaidi kuliko la Ro-Ro, hasa pale magari yanapopangwa kwa kupandishwa moja juu ya jingine.

Mateso yasiyoonekana

Wizi huonekana kwa macho, lakini yapo madhara yanayojificha. Gari lililokaa wiki kadhaa bila kuwashwa huwa na betri dhaifu, na kila anayelihamisha hulibusti. Nyaya zikiunganishwa kinyume, fyuzi huungua na hata kompyuta ya injini, maarufu kama kontrol boksi, huweza kuharibika. Gari huwaka, lakini taa ya onyo kwenye dashibodi haizimi tena.

Kwa magari yanayopitia Dar es Salaam kuelekea Zambia, Malawi, Kongo, Rwanda au Burundi, safari huendelea barabarani. Mengi huendeshwa hadi mpakani na madereva wa kukodi, na ndiyo yanayojulikana Tanzania kama magari ya IT. Baadhi ya madereva hao hubeba abiria na mizigo njiani kinyume cha utaratibu, wakikimbia ili wawahi kurudi kuchukua gari jingine. Mmiliki aliye Lusaka au Lubumbashi hupokea gari lililokwisha kufanya kazi ya daladala kabla yeye hajaliendesha.

Wizi wa shehena umewahi kuitikisa hata serikali. Agosti 2012, Waziri wa Uchukuzi wa Tanzania wa wakati huo, Dk Harrison Mwakyembe, aliwasimamisha kazi viongozi wa juu wa Mamlaka ya Bandari kufuatia malalamiko ya wizi wa mizigo na utendaji usioridhisha.

Wajibu wa meli una mipaka

Mkataba kati ya mwenye mzigo na meli umo katika hati ya shehena, ambayo mawakala huiita BL. Hati nyingi zinazotolewa Japani huongozwa na Kanuni za The Hague za mwaka 1924 pamoja na marekebisho yake yaliyofuata.

Chini ya kanuni hizo, wajibu wa meli huanza mzigo unapopakiwa na hukoma unapopakuliwa. Kifaa kilichoibwa katika uwanja wa bandari au bandari kavu si deni la meli tena. Anayepaswa kuulizwa ni mwendesha uwanja.

Pili, mpokeaji anatakiwa kutoa taarifa ya hasara kwa maandishi wakati wa kupokea mzigo, au ndani ya siku 3 ikiwa hasara haionekani kwa nje. Asipofanya hivyo, huchukuliwa kuwa amepokea mzigo ukiwa kama ulivyoelezwa kwenye hati, na mzigo wa kuthibitisha kinyume huwa wake. Kesi nayo lazima ifunguliwe ndani ya mwaka 1.

Tatu, fidia ina kikomo. Kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 1979, kikomo ni vizio 666.67 vya akiba vya Shirika la Fedha la Kimataifa (SDR) kwa kifurushi, au SDR 2 kwa kila kilo, kwa kufuata kiasi kilicho kikubwa. Gari la kilo 1,000 lililoangamia kabisa lingelipiwa SDR 2,000, ambazo kwa viwango vya miaka ya karibuni ni kati ya dola 2,600 na 2,900 za Marekani, hata kama thamani yake ni mara tatu ya hiyo.

Bima ambayo si bima

Wanunuzi wengi hudhani kwamba pengo hilo huzibwa na bima. Hapo ndipo herufi tatu zilizoandikwa kwenye ankara zinapokuwa na uzito.

Bei ya C&F inajumuisha gari na nauli ya meli; bima haimo. Bei ya CIF inajumuisha bima, lakini sheria za biashara za kimataifa zinamtaka muuzaji akate bima ya kiwango cha chini tu. Vifungu vya bima ya shehena vinavyotumika duniani, ambavyo hutungwa London, viko katika madaraja matatu: A, B na C. Kiwango cha chini ni C, ambacho hufidia majanga makubwa kama moto, meli kuzama au kugongana. Wizi haumo. Daraja A ndilo linalofidia hatari zote isipokuwa zilizotajwa kuondolewa.

Hata katika daraja A, kampuni nyingi za bima huondoa mikwaruzo, mabonde na hitilafu za mitambo kwa magari yaliyotumika, na nyingine hazilipi kifaa kilichoibwa peke yake iwapo gari lenyewe limefika. Sharti hilo husomwa kabla ya kulipa.

Kenya tangu mwaka 2017, na Tanzania tangu mwaka 2018, zimesimamia utaratibu wa kutaka shehena zinazoingizwa zikatiwe bima katika kampuni za ndani. Kwa mnunuzi hilo lina faida: anaweza kuagiza kwa C&F, akachagua mwenyewe daraja la bima, na akadai fidia mjini kwake badala ya kuandikiana barua na kampuni iliyo ng'ambo.

Bima hulinda pia dhidi ya jambo ambalo wengi hawalitarajii. Meli ikipata ajali na gharama zikatumika kuiokoa pamoja na shehena, wenye mizigo yote huweza kutakiwa kuchangia gharama hizo, hata yule ambaye gari lake halikuguswa. Mwenye bima huchangiwa na kampuni yake.

Kabla ya kutia saini

Ulinzi bora huanza Japani. Magari mengi huko hupitia minadani, na kila moja huwa na karatasi ya ukaguzi yenye mchoro wa gari na alama: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa, na namba inayofuata huonyesha ukubwa wake. Mnunuzi anapaswa kuidai karatasi hiyo pamoja na picha za ndani, za buti, za injini na za dashibodi ikionyesha kilomita, zikiwa zimepigwa karibu na siku ya kupakia.

Nyaraka zishughulikiwe kabla meli haijafika, kwani kila siku gari linapokaa uwanjani huongeza gharama ya kulihifadhi na nafasi ya kuibiwa.

Siku ya kulichukua, mmiliki aende mwenyewe au amtume fundi anayemwamini, mchana, akiwa na picha zile mkononi. Namba ya chesesi ilinganishwe na hati, oili na maji vipimwe kabla ya kuwasha injini, na redio, taa, vioo, swichi, rimoti na vifaa vya buti vihesabiwe kimoja kimoja. Kinachokosekana kiandikwe kwenye karatasi ya kutolea gari, na ofisa anayelikabidhi atie saini.

Mara nyingi mmiliki huharakishwa wakati huo, akiambiwa atie saini kwanza na malalamiko yatashughulikiwa baadaye. Saini iliyotiwa bila maelezo huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba gari limepokelewa likiwa salama, na mzigo wa kuthibitisha kinyume huwa wa mmiliki. Ikishatiwa, gharama ya redio iliyoibwa mara nyingi huwa ya mwenye gari.